Jinsi ya Kutafuta na Kuomba Nafasi ya Kucheza Lakrosi Chuoni Marekani

Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo yenye wavu, Denver mwaka 2014, lakini makocha wa vyuo vya Marekani hawaji Kampala wala Nairobi kusaka vipaji. Hata ukiwa unasoma hukohuko Ohio au Texas, usikae ukingoja kuonwa. Nafasi inaombwa, na maombi yanaanza miaka miwili au mitatu kabla ya chuo.

Kwanza jua madaraja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ina divisheni tatu. Angalia divisheni ya timu, si ya chuo: Johns Hopkins inacheza lakrosi divisheni ya kwanza, ilhali michezo yake mingine iko ya tatu. Divisheni ya tatu, yenye timu kali kama Tufts na Salisbury, haitoi skolashipu ya michezo hata senti moja. Vyuo vya Ivy League, yaani vile vinane vya zamani kama Harvard na Yale, navyo ni hivyohivyo. Huko msaada unatokana na hali ya kifedha ya familia, na vyuo vingine hulipia alama nzuri. Hata divisheni ya kwanza usitarajie makubwa: kwa miaka mingi timu ya wanaume iligawana skolashipu 12.6 kwa kikosi chenye watu zaidi ya 40. Kwa maoni yangu, kitabu kitakulipia ada kuliko fimbo.

Ukitaka divisheni ya kwanza au ya pili, fungua akaunti NCAA Eligibility Center, ofisi inayokagua kama unastahili kucheza, mapema, darasa la 9 au la 10 kwa hesabu ya Marekani, ambako la 12 ndilo la mwisho la sekondari. Utadaiwa masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wa alama (GPA, kati ya 4.0) wa 2.3 kwa divisheni ya kwanza au 2.2 kwa ya pili. Kwa divisheni ya kwanza, ukisoma sekondari Marekani, masomo 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya kuanza la 12. Aliyesoma nje ya Marekani atume matokeo ya kila mwaka kuanzia la 9, pamoja na cheti.

Kisha video, na hapa ndipo wengi huharibu. Dakika tatu hadi tano zatosha. Weka vipande vyako bora mwanzoni, maana kocha anaweza kuzima baada ya nusu dakika. Jizungushie duara kabla mpira haujafika, la sivyo ataangalia mtu mwingine. Muziki hauna kazi. Mabao peke yake hayatoshi: onyesha ukiokota mpira chini, ukirudi kukaba, ukitumia mkono wa kushoto na wa kulia. Kipa aonyeshe pia pasi zake baada ya kuokoa. Ambatisha na mechi moja nzima.

Jaza fomu ya wachezaji kwenye tovuti ya kila timu, halafu mwandikie kocha mwenyewe. Kichwa cha barua pepe kiwe kifupi: “2028, beki, GPA 3.6, Nairobi”, yaani mwaka wa kumaliza shule, nafasi, alama, mji. Ndani weka kiungo cha video na ratiba ya mechi zako. Ukinakili barua ukasahau kubadilisha jina la chuo, umejimaliza. Iandike wewe, si baba yako.

Kocha wa divisheni ya kwanza haruhusiwi kukujibu kuhusu usajili kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11, kwa hiyo ukimya kabla ya hapo usikuvunje moyo. Baadhi ya makocha wa divisheni ya tatu hupeleka matokeo yako ofisi ya udahili yasomwe mapema, kiangazi cha kuingia la 12. Ukipewa ofa, uliza ni kiasi gani, ni ya mwaka mmoja au minne, na ukiumia itakuwaje. Anayekuahidi skolashipu kwa kutanguliza ada, mkimbie.

Ukishadahiliwa ukiwa nje ya Marekani, chuo kitataka uthibitisho wa fedha ndipo kitoe I-20, fomu inayothibitisha umedahiliwa. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, kisha weka miadi ya ubalozini kuomba viza ya mwanafunzi, F-1. Jina lako kwenye pasipoti, I-20 na DS-160 lilingane herufi kwa herufi.