Mboga na majani ya viungo ya jiko la Kivietnamu: kuyatambua, kuyaandaa na kuyapika

Kosa la kwanza la mpishi anayejaribu chakula cha Kivietnamu ni kuyahesabu majani ya viungo kuwa pambo. Hununua kishada kimoja cha giligilani, hunyunyizia majani matatu manne juu ya bakuli, kisha hushangaa mbona ladha haikufika. Majumbani Vietnam majani hayo huliwa kwa viganja. Sinia la majani mabichi, liitwalo rau sống, huwekwa mezani pamoja na wali au tambi, na kila mlaji huchukua ayatakayo, huyakata kwa vidole na kuyatia bakulini mwake. Kwa hiyo mpishi ana mambo matatu ya kujifunza: kulitambua jani, kujua linaandamana na chakula gani, na kujua litiwe wakati gani. Hilo la tatu ndilo linaloharibu sufuria nyingi.

Majina yanayopoteza watu

Kabla ya kwenda sokoni, jihadhari na majina, kwa maana Kaskazini na Kusini mwa nchi hawasemi sawasawa. Giligilani huitwa mùi jijini Hanoi na ngò katika Jiji la Ho Chi Minh. Jani refu lenye meno ya msumeno liitwalo mùi tàu huko Kaskazini ndilo ngò gai la Kusini, na karela ni mướp đắng Kaskazini na khổ qua Kusini. Mtego mkubwa kuliko yote ni neno bạc hà. Kaskazini neno hilo humaanisha nanaa, ilhali Kusini muuza mboga atakupa shina nene lenye vitundu kama sifongo, la mmea wa jamaa ya magimbi, ambalo watu wa Kaskazini huliita dọc mùng. Mtu anayefuata maelekezo ya mapishi ya Kusini huku ameshika nanaa mkononi atapata supu ya ajabu. Dawa yake ni kuzoeza pua: sugua jani kati ya kidole gumba na cha shahada, nusa, kisha tafuna kipande kidogo kabla ya kununua.

Majani yenyewe

Rehani ya Kivietnamu, húng quế, ina shina la zambarau, majani membamba yenye ncha na harufu inayokaribia ya anisi. Kusini huletwa katika sahani pamoja na ngò gai na chipukizi za choroko ili mlaji atie mwenyewe katika phở, yaani supu ya tambi za mchele. Hanoi desturi ni nyingine: bakuli la phở huja likiwa limekwisha kutiwa vitunguu vya majani na giligilani vilivyokatwakatwa, na sinia la majani si sehemu ya mlo huo. Nionavyo mimi, supu nyepesi ya Kaskazini haihitaji rehani, na anayeitia kwa wingi huifunika harufu ya mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi.

Tía tô ni rahisi kuitambua, kwa kuwa upande wa juu wa jani lake ni wa kijani na upande wa chini ni wa zambarau. Ladha yake ina ukali kidogo wa viungo vya moto. Mtu akishikwa na mafua hupikiwa uji wa mchele wenye tía tô na vitunguu vya majani vilivyokatwa vyembamba, vikatiwa mwishoni, naye huunywa ungali wa moto ili atoke jasho. Mwenzake wa karibu ni kinh giới, mwenye majani ya kijani kilichopauka, kingo za meno na harufu ya ndimu. Hayo mawili huandamana katika sinia la bún chả, yaani tambi za mchele na nyama ya nguruwe ya kuchoma, na katika lile la tambi na tofu iliyokaangwa inayochovywa katika uduvi uliochachushwa. Uduvi huo una harufu nzito mno, na ni ukali wa majani haya unaoufanya ulike.

Rau răm lina jani jembamba lenye ncha na doa jeusijeusi katikati, na huwasha ulimi kama pilipili manga. Hili ndilo jani la saladi ya kuku aliyechanwachanwa, na pia la mayai ya bata yaliyoatamiwa na kuchemshwa. Wavietnamu hupanga vyakula kwa hali ya joto na ubaridi; yai hilo huhesabiwa kuwa la ubaridi, rau răm kuwa la joto, na kimoja hakiletwi bila kingine. Mantiki hiyo hiyo ya kuoanisha imo katika ubeti wa kienyeji ambamo kila mnyama hudai kiungo chake mwenyewe, kuku akitaka majani ya mndimu na nguruwe akitaka vitunguu. Ndiyo maana kuku wa kuchemsha huja mezani akiwa amenyunyiziwa majani ya mndimu yaliyokatwa membamba kama nyuzi. Kuyakata hivyo ni lazima, kwa sababu jani hilo ni gumu: toa kwanza mshipa wa katikati, kunja majani kadhaa pamoja kama sigara, kisha kata kwa kisu kikali.

Ngò om humea penye maji, karibu na mashamba ya mpunga. Shina lake ni laini, na harufu yake ni mchanganyiko wa ndimu na bizari nyembamba. Supu chachu ya samaki ya Kusini haiwi yenyewe bila jani hili. Diếp cá, lenye umbo la moyo, hunuka samaki mbichi hasa, na hata miongoni mwa Wavietnamu wapo wasioligusa. Anza na jani moja. Lá lốt ni la jamaa ya tambuu na pilipili manga. Likiwa bichi halina mengi ya kusema, lakini likizungushiwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchomwa juu ya makaa hutoa harufu inayomtoa jirani ndani. Shibiti, iitwayo thì là, ni mboga ya Kaskazini: katika chả cá, samaki wa manjano wa Hanoi, hutiwa karaini kwa mafungu pamoja na vitunguu vya majani na kugeuzwa kidogo tu hadi inyauke.

Yapo pia maeneo yaliyojipatia jina kwa majani yao. Láng, jijini Hanoi, inajulikana kwa aina yake ya húng (jina la jumla la rehani na nanaa), nayo Trà Quế, kijiji cha karibu na mji wa Hội An, kwa bustani zinazorutubishwa kwa majani ya majini.

Kuandaa sinia

Loweka majani katika beseni kubwa la maji baridi, yatikise kwa mkono, kisha yanyanyue na kuyaweka pembeni. Usiyamwage pamoja na maji, la sivyo mchanga uliokwisha kutua chini utayarudia. Badilisha maji mpaka chini ya beseni pabaki safi. Kausha vizuri, maana jani lenye maji huipunguza nguvu sosi. Chambua majani kutoka katika shina gumu, lakini acha ncha changa zilivyo, na usiyakate kwa kisu mapema, kwa kuwa kingo za rehani na tía tô huwa nyeusi. Changanya angalau majani ya aina tatu na saladi, na matango yaliyokatwa vipande virefu ukipenda.

Sosi ya kuchovya hutengenezwa kwa sehemu moja ya nước mắm, yaani maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, sehemu moja ya sukari, sehemu moja ya maji ya ndimu na sehemu nne au tano za maji. Koroga sukari katika maji ya uvuguvugu kwanza, kisha tia vingine. Kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwakatwa hutiwa mwisho, navyo huelea juu. Vikitiwa kabla ya ndimu mara nyingi huzama.

Rau muống, mboga ya kila siku

Kama ningeambiwa nichague mboga moja ya kumfundisha mgeni, ningechagua rau muống. Ni jamaa ya kiazi kitamu, ina shina lenye uwazi ndani, humea majini au kwenye udongo wenye unyevu, na kwa chungu kimoja humpa mpishi vyakula viwili.

Vunja mboga kwa mkono vipande vya urefu wa kidole na utupe sehemu ya chini inayokataa kuvunjika. Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo mpaka yatokote kwa nguvu, ndipo utie mboga, mashina yakitangulia, na kuizamisha kwa vijiti. Usifunike. Igeuze mara moja, na baada ya dakika mbili au tatu itoe na kuitandaza kwenye sahani pana. Ikirundikwa ingali ya moto hujipika yenyewe na kugeuka rangi ya manjano. Maji yaliyobaki chunguni hayamwagwi, kwani hiyo ndiyo supu. Kaskazini, katika msimu wa kiangazi, hutiwa matunda madogo machachu yaitwayo sấu, yakachemshwa mpaka yalainike, kisha yakapondwa humo humo. Wasio na sấu hutumia ukwaju au ndimu. Ndimu ikamuliwe baada ya chungu kuteremka motoni, nawe utaona kijani cha maji kikipauka papo hapo. Mboga huchovywa katika nước mắm yenye kitunguu saumu, na supu hunywewa mwishoni mwa wali.

Ukitaka kukaanga, itumbukize mboga katika maji ya moto kwa nusu dakika na uichuje sana. Pasha karai mpaka liwe na moto mkali, tia mafuta na nusu ya kitunguu saumu kilichopondwa, tia mboga, geuza kwa haraka kwa dakika moja au mbili, kisha malizia kwa nusu ya kitunguu saumu iliyobaki. Huko Kusini mashina huchanwa membamba, hulowekwa majini yakajikunja, na kuliwa mabichi pamoja na tambi. Mimi hupendelea iliyopikwa, kwa sababu mboga za majini zinaweza kubeba minyoo ambayo kuosha peke yake hakuiondoi.

Supu mbili za kujifunza

Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba mboga kadhaa za supu za Kivietnamu anazo majina yake tayari: rau đay ni mlenda, mồng tơi ni nderema, rau dền ni mchicha, mướp ni dodoki changa na bầu ni mung'unye. Mlenda, nderema na dodoki hukutana katika supu ya kaa wadogo wa mashamba ya mpunga. Kaa walioondolewa magamba hutwangwa kwa chumvi, hukorogwa katika maji na kuchujwa, na maji hayo yaliyovurugika hupashwa polepole huku yakikorogwa taratibu. Mara yanapoanza kupata moto, acha kukoroga kabisa. Nyama ya kaa huganda na kupanda juu kama jibini laini. Ichote kando au iache ielee, ndipo utie mboga pembeni bila kuivunja. Mlenda huipa supu uteute wake, nayo huliwa kwa biringanya ndogo nyeupe zilizotiwa chumvi mpaka zikachachuka, ziitwazo cà pháo.

Supu ya pili ni canh chua, ile supu chachu ya samaki, ya delta ya Mekong. Loweka ukwaju, uchuje, uutie katika maji yanayochemka, upike humo vipande vya samaki na kuvitoa vikiwiva. Nanasi hutangulia, hufuatwa na nyanya na bamia, halafu dọc mùng na chipukizi za choroko kwa dakika moja tu. Onja: uchachu wa ukwaju, utamu wa sukari na chumvi ya nước mắm visipitane kwa mbali. Zima moto. Sasa, wala si kabla, tia ngò om na ngò gai vilivyokatwakatwa na kitunguu saumu kilichokaangwa. Majani hayo yakichemka hata dakika mbili, harufu yake huenda na mvuke na chunguni hubaki nyasi.

Mboga zinazotaka uangalifu

Dọc mùng humenywa ganda jembamba la nje, hukatwa kwa mshazari, hupakwa chumvi na kuachwa, kisha hukamuliwa na kuoshwa, kwa sababu likiachwa lilivyo huwasha koo. Chipukizi za mwanzi, măng, zikiwa mbichi zina viini vinavyotoa sianidi; zichemshe bila kufunika, mwaga maji, rudia kwa maji mapya mpaka uchungu uondoke. Ua la mgomba hukatwa jembamba na kuangukia moja kwa moja katika maji yenye ndimu, kwani likikaa hewani kwa muda mfupi tu huwa jeusi. Karela hutolewa mbegu na utando mweupe wa ndani, hujazwa nyama ya kusaga na kuchemshwa taratibu. Watu wa Kusini huipika wakati wa Tết, yaani mwaka mpya wa Kivietnamu, kwa kuwa jina khổ qua hulingana kwa sauti na maneno yenye maana ya dhiki kupita.

Majani yasiyotumika siku hiyo hufungwa katika kitambaa chenye unyevu kidogo na kuwekwa sehemu ya jokofu isiyo na baridi kali; rehani huharibika upesi humo, hivyo ni afadhali isimamishwe katika glasi ya maji nje. Mashina ya rau răm yakiachwa katika glasi kama hiyo hutoa mizizi baada ya siku chache, vivyo hivyo mchaichai uliobaki na kitako chake, na yote mawili yanaweza kuhamishiwa katika chungu cha udongo karibu na mlango wa jikoni.