Albamu inayopwa: namna ya kutengeneza muziki wa kompyuta kutoka ufukweni Pemba

Albamu yangu ya kwanza nilimsikilizisha mama barazani kwetu Tumbe, naye akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nyimbo nane, na chini ya kila wimbo nimeweka mawimbi ya ufuko wa Vumawimbi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, bahari yako hii haipwi?"

Nilizifuta zote nane. Haya hapa ni niliyoyafanya baadaye, kwa yeyote mwenye simu, kompyuta ya mkononi na pahala anapopapenda.

Chagua pahala pamoja, usibebe Pemba nzima. Mimi nilichukua ufuko wenye mikandaa, yaani mikoko, hatua chache kutoka nyumbani. Siku za mwanzo nenda bila ya kurekodi chochote, ukae tu. Nenda wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maana hapo maji hutoka mbali na kila kilichofunikwa hupata sauti. Siku za maji mafu bahari husogea kidogo tu, utarudi ukidhani pahala hapana la kusema.

Kurekodi simu inatosha, ilimradi programu yake ihifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa, siyo MP3. Weka kilohezi 48 na biti 24 kama zipo. Sauti kubwa kabisa isipite desibeli -12; wimbi moja likishapasua rekodi, halirudi tena. Adui mkubwa ni upepo. Kusi ikivuma hutapata kitu ila ngurumo, basi funika maikrofoni kwa sponji ya godoro, juu yake kitambaa chenye manyoya, ujikinge nyuma ya ngalawa iliyopandishwa pwani. Acha irekodi dakika kumi kumi bila ya kuigusa.

Maji yakijaa, rekodi yanavyopiga ubavu wa chombo. Yakipwa, ingia mikandaani uweke maikrofoni shubiri moja juu ya tope. Utasikia vitundu vikipumua na kaa wakikwaruza. Mimi sijasikia sauti ya upole kuliko hiyo. Ukiweza, wakati wa magharibi nenda Kidike wanapotoka popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine duniani.

Sasa hesabu, na hapa ndipo albamu inapozaliwa. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, yaani dakika 372. Gawa kwa kumi: dakika 37. Huo ndio urefu wa albamu, nyimbo sita, kila saa na wimbo wake. Lakini maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Mabaharia huyagawa mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wavuvi wetu wanalijua hilo bila ya kuhesabu. Wanajua maji ya katikati ndiyo yenye mkondo.

Basi jenga sauti 13 zinazopigwa pamoja: besi, ngoma, sintesaiza nzito (sauti inayoundwa na kompyuta), kinanda, sauti ya mtu, vyovyote utakavyo. Wimbo wa kwanza uanze na zote, na kwa dakika sita uondoe moja tu, polepole mno, kwa kufunga filta, yaani kichujio cha sauti, kutoka hezi 6000 kushuka mpaka isisikike. Wimbo wa pili toa mbili. Wa tatu na wa nne toa tatu tatu, na hapo usimwonee huruma msikilizaji, mwache ahisi ardhi ikimwondokea chini ya miguu. Wa tano mbili, wa sita moja. Itabaki sauti moja, nayo iwe tope la mikandaa. Mimi nilitaka sana kurudisha besi kwenye wimbo wa tano kwa sababu nilikuwa naipenda. Usifanye hivyo, maji yaliyokwishatoka hayarudi kabla ya saa yake.

Kasi ichukue baharini. Pima mawimbi kumi kwa saa ya simu. Yakichukua sekunde 100, kila wimbi ni sekunde 10. Weka mapigo 12 ndani yake, unapata mapigo 72 kwa dakika. Na kwa kuwa mawimbi hayalingani, sogeza mapigo kwa mkono, mengine yachelewe kidogo. Kipande cha nusu sekunde cha maji yanayopiga ubavu wa ngalawa kinatosha kuwa ngoma yako, hakuna haja ya kununua ngoma za watu.

Kwa noti, jaribu Bayati, mpangilio wa noti wa Kiarabu wanaoujua wapiga kanuni na udi. Anza D, kisha noti ya pili, E, iteremshe senti 50, yaani robo ya toni, halafu F na G. Sintesaiza nyingi za kompyuta zinakubali kurekebishwa hivyo. Ile E iliyo baina ya noti mbili ina huzuni ambayo kinanda cha kawaida hakiifikii.

Ukimaliza, unganisha nyimbo bila ya kimya katikati. Isikilize ndani ya gari ya abiria ya Konde kwenda Chake, kwenye visikilizio vya bei nafuu. Besi zitapotea, ukiona na hisia zimepotea pamoja nazo, rudi kwenye noti.

Kisha mpelekee anayeijua bahari. Mama alipofika wimbo wa nne aliweka kamba chini.

"Hii bamvua ya mwezi gani?"

"Ya Machi, mama."

"Ndiyo maana. Maji yamekwenda mbali mno."