Matengenezo Makubwa ya Gari: Ufanye Mwenyewe au Umwite Fundi?
Kabla hujalegeza nati hata moja, jiulize kosa lako litagharimu nini. Pedi za breki unaweza kubadilisha nyumbani, mradi gari lisimame mahali tambarare, jambo lisilo rahisi kwa sisi tunaoishi kwenye miinuko ya Mwanza, na liegemee stendi imara, kamwe si jeki pekee. Mkanda wa taimingi, ule wenye meno unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio, ni habari nyingine: ukikosea alama za kuufungia kwa meno machache, katika injini nyingi vali hugonga pistoni na kupinda. Kazi hiyo mpe fundi, lakini simama naye, na kabla hajawasha mwombe azungushe krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa spana mizunguko miwili kamili, mhakikishe kwamba alama zote zimerudi palepale.