Leseni Hairudi Yenyewe: Nilivyoipata Tena Baada ya Kesi ya Ulevi

Nilifungiwa leseni miezi 12 kwa kuendesha nikiwa nimelewa. Muda ulipoisha nikaenda ofisi ya leseni asubuhi na mapema, nikijua nakwenda kuchukua kadi yangu. Karani akaniomba cheti cha mafunzo, bima mpya na risiti ya faini. Nilikuwa na risiti tu. Nikapanda basi miezi 5 zaidi, na hiyo hakunipa hakimu. Wewe uliyehukumiwa wiki hii, usikae ukisubiri kama mimi.

Anza na hukumu. Omba nakala yenye muhuri, isome pole pole, utafute adhabu inaanza kuhesabiwa siku gani. Kuna nchi ambako siku hazihesabiwi mpaka ukabidhi kadi. Ukiendelea kuiweka mfukoni, hujaanza kutumikia chochote. Angalia pia kama leseni imefungiwa au imefutwa. Iliyofutwa huombwa upya, na mara nyingi mtihani wa udereva unarudiwa. Kisha iandikie mamlaka ya leseni, uulize kila wanachotaka kutoka kwako, maana inaweza kuwa na masharti yake nje ya yale ya mahakama. Jibu lao litunze kwenye jalada moja na risiti zote.

Mafunzo jiandikishe mapema, nafasi hujaa. Uingereza, kwa mfano, mahakama ikikupa nafasi ya kozi na ukaimaliza kwa wakati, muda wa kufungiwa hupunguzwa kwa kiasi kisichozidi robo yake.

Vipimo ndivyo vinavyowakwamisha wengi. Kama kiwango chako cha pombe kilikuwa kikubwa, tegemea daktari: Uingereza ni kuanzia mikrogramu 87.5 katika mililita 100 za pumzi, na Ujerumani gramu 1.6 kwa kila kilo ya damu hukupeleka kwa daktari na mwanasaikolojia. Uthibitisho wa kuacha pombe hautengenezwi wiki ya mwisho. Nywele nazo hupimwa pombe, na hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 3 zinasimulia miezi 3 iliyopita. Usizipake rangi wala kuzichubua, zitakataliwa. Kipimo cha damu kiitwacho PEth kinaweza kuonyesha unywaji wa wiki 2 hadi 4 nyuma.

Mimi kwenye mahojiano ya kwanza ya kuomba leseni irudi nilisema, “Sitarudia.” Mama aliyenihoji aliniangalia tu, hakuandika kitu. Mara ya pili nikamweleza Ijumaa zangu zilivyokuwa: nilikaa na nani, nilikunywa chupa ngapi, nilijidanganya vipi kwamba niko sawa. Nikamweleza na Ijumaa za sasa, kwamba natoka kazini moja kwa moja kwenda kwa dada yangu, ambaye ndiye aliyeshika funguo za gari tangu siku ya hukumu. Hapo kalamu ikaanza kutembea. Wanataka kujua maisha yamebadilika wapi, na ukweli wenye aibu ndani yake ndio waliousikiliza kwangu.

Ukiamriwa gari lako liwekewe kifaa cha kupulizia kinachopima pombe, gari haliwaki mpaka pumzi yako iwe safi, na ukiwa njiani kitakutaka upulize tena. Kila jaribio linarekodiwa. Dawa ya kusukutulia mdomo yenye pombe inaweza kukuangusha. Sukutua kwa maji, ngoja dakika kadhaa, ndipo upulize. Tena iogope asubuhi. Mwili huondoa takriban gramu 0.015 za pombe katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyefikisha 0.12 saa sita usiku anakaribia sifuri saa mbili asubuhi, na kahawa au maji baridi hayamharakishi.

Bima itapanda. Uliza kampuni kadhaa, na usifiche hukumu, kwa sababu ukipata ajali madai yako yanaweza kukataliwa.

Katika kipindi chote hiki usiguse usukani, hata kusogeza gari uani kama uani huko kunapita umma. Kukamatwa ukiwa umefungiwa ni kosa jipya.

Kadi ikifika, isome kabla ya kuwasha gari: tarehe, madaraja ya magari, na masharti yaliyoandikwa. Yangu ilikuja bila daraja la lori nililokuwa nalo zamani. Nilirudi dirishani siku hiyo hiyo.