Kabla Hujanunua Tingatinga la Tani Mia

Karibu kila mteja anayenipigia simu kuhusu tingatinga kubwa huanza na swali lilelile: lina nguvu za farasi ngapi? Nimekuwa fundi wa mashine hizi kwa miaka 19, na siku hizi kazi yangu ni kukagua zilizotumika kabla hazijabadilisha mikono. Simjibu. Namuuliza: utasukuma nini, na mpaka wapi?

Tingatinga husukuma kwa uzito wake. Injini ikizidi uwezo wa cheni, ile minyororo ya chuma inayoitembeza badala ya matairi, kushika ardhi, cheni huzunguka bure na kujila zenyewe. Chukua Caterpillar D11: uzito tani kama 104, nguvu za farasi 850. Juu ya udongo ulioshikamana, cheni hushika kiasi cha asilimia 90 ya uzito huo, hivyo una msukumo wa tani 93 hivi. Ipeleke mashine hiyohiyo kwenye udongo uliolegea, ushikaji unashuka hadi asilimia 60, umebaki na tani 62. Kwenye kokoto zilizolegea hesabu nusu ya uzito.

Mteremko nao uhesabu. Kila asilimia moja ya mteremko hukuongezea kilo 10 za msukumo kwa kila tani ya mashine, kwa hiyo mteremko wa asilimia 10 unampa D11 tani 10 za bure. Ukisukuma kupanda, hizohizo zinakukatwa. Ndiyo maana naomba ramani ya machimbo kabla ya kuomba picha za mashine.

Sasa bledi, ile sahani ya chuma ya mbele inayosukuma. Ile kubwa ya D11 iliyokunjwa pembeni huchukua takriban mita za ujazo 34. Udongo uliolegea wenye tani 1.6 kwa mita ya ujazo unakupa mzigo wa tani 54 au 55, na msukumo unalingana nao vizuri. Jaza bledi hiyo makaa ya mawe, ambayo hayafiki tani moja kwa mita ya ujazo, utakuwa unachoma dizeli kusukuma nusu ya mzigo unaouweza. Kazi ya makaa ina bledi yake, pana na ndefu kwenda juu. Mwamba uliopasuliwa unataka fupi na nzito. Usikubali muuzaji akupe iliyopo uani kwake.

Umbali sitaueleza sana. Zaidi ya mita 100 mpaka 150, piga hesabu ya malori na shoveli, mashine ya kuyapakia. Nikisikia mita 300, mazungumzo ya tingatinga yameisha. Kwa umbali mfupi, mwambie dereva apite kwenye mfereji uleule kila safari, kuta za pembeni zizuie udongo usimwagike kwenye ncha za bledi. Kwa mfereji peke yake unaweza kupata nyongeza ya kama asilimia 20, bila kununua chochote.

Soko lenyewe ni dogo. Kwenye tani 100 na kuendelea utakutana hasa na D11 na Komatsu D475A. D11 ina gurudumu la meno, lile linalozungusha cheni, lililoinuliwa juu, mtindo ambao Caterpillar waliuleta kwenye D10 mwishoni mwa miaka ya 1970: gia za mwisho zinakaa mbali na matope na vishindo vya ardhi, na fundi anazitoa kwa urahisi. Komatsu wameliacha gurudumu chini. Mimi kama fundi napenda la juu, lakini nimeona machimbo yanayoapa kwa la chini, na sibishani nao.

Kuna walioota makubwa zaidi. Komatsu D575A ilizidi tani 150, na bledi yake kubwa kabisa ilibeba mita za ujazo 69. Haitengenezwi tena. Acco, tingatinga la tani 183 lililoundwa Italia likilengwa kwenda Libya, lilikwamishwa na vikwazo vya biashara na halikupata kazi. Mashine ya namna hiyo ikikosa mnunuzi mmoja, nani mwingine ana shimo la kuitosha?

Ukikagua iliyotumika, anza chini. Cheni, roli zinazobeba mashine juu yake, na magurudumu yake ndivyo vinavyokula pesa nyingi za matengenezo. Ivute cheni ikaze, pima kwa utepe kutoka pini hadi pini kwenye viungo vinne, linganisha na kipimo cha kiwandani. Muulize dereva, si mwenye mashine, anarudi nyuma kwa gia ya ngapi. Kurudi nyuma kwa kasi ndiko kunakozila bushi, vile vibomba vya chuma vinavyozunguka pini za cheni. Halafu tazama mkono unaoshika jino la kupasulia mwamba: nyufa hujificha chini ya grisi, kwa hiyo njoo na brashi ya waya. Rangi mpya kwenye roli huniongezea saa nzima ya ukaguzi.

Mwisho ni usafiri, na hapa ndipo nilipoaibika. Niliwahi kuipitisha mashine safi kabisa, kila kipimo sawa. Ilifunguliwa bledi, ikafunguliwa jino, kiwiliwili kikapandishwa kwenye trela, kikafika kwenye daraja ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza linabeba tani ngapi. Kilikaa hapo siku 23 mpaka fremu za cheni nazo zikatolewa kwa kreni ya kukodi. Siku hizi fomu yangu ya ukaguzi ina mstari wa madaraja, na uko juu ya mstari wa injini.