Kukagua historia ya gari ya mkononi kabla hujatoa hela (kwa walioko Bongo)

Mi kazi yangu kukagua gari watu wakitaka kununua, niko Dar, na simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Fundi niko kwa dalali, kuna Toyota IST yenye namba za herufi D kali sana, anasema kuna mtu anakuja saa tisa kuichukua, nitoe advansi?" Usitoe hata mia. Huyo mtu wa saa tisa namsikia miaka yote na sijawahi kumuona akifika.

Naeleza ninavyofanya mwenyewe, kwa mpangilio huohuo. Utaona injini nimeiweka karibu na mwisho, mana injini ikizingua unaenda Ilala unanunua nyingine, ila kadi ya gari (ile ya usajili) ikizingua hakuna duka linalouza.

Hatua ya 1: kadi, hata kabla hujapanda daladala kwenda kuiona gari

Omba picha ya kadi pande zote, na picha ya kitambulisho cha anayeuza. Majina yakifanana endelea, yasipofanana ndo kazi imeanza hapo. Stori utakayopewa mara nyingi ni kwamba alinunua kwa mkataba akawa hajabadilisha jina, na aliyemuuzia nae alikuwa hajabadilisha, yani gari imepita mikono mitatu na kadi bado inasoma jina la mzee fulani wa Moshi ambae hakuna hata mwenye namba yake ya simu. Mikataba yote ya katikati iwepo, na huyo mzee apatikane, la sivyo wewe ndo utakuwa mkono wa nne.

Kama mwenye kadi kafariki na anauza mtoto, unataka barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na anayesaini awe ndo huyo msimamizi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, hata kama wamesaini wajomba wote.

Halafu kuna hii ya "kadi ilipotea, nina los ripoti ya polisi". Inawezekana kweli ilipotea. Inawezekana pia kadi halisi imelala kwenye droo ya mkopeshaji, jamaa kachukua hela, akaenda kuripoti imepotea akatolewa nyingine. Wewe unanunua, miezi miwili mbele gari inavutwa na brekidauni ukiwa kazini. Mimi kwenye los ripoti huwa namwambia mteja tutafute nyingine, gari hazijaisha mjini.

Hatua ya 2: TRA na simu yako

Nenda ofisi ya TRA pamoja na muuzaji (akikataa kwenda ushapata jibu), waangalie kwenye mfumo kama namba ya gari, chesisi na jina vinaendana na kadi. Uliza pia kama gari iliingia kwa msamaha wa kodi. Hili watu wengi hawaulizi kabisa, kumbe gari ya msamaha akiuziwa mtu asiye na msamaha kodi inatakiwa ilipwe, na we ndo utaambiwa ulipe siku ya kubadilisha jina. Gari ya namba za Zanzibar nayo hivyohivyo, ulizia tofauti ya ushuru kabla hujaiona rahisi.

Kwenye simu: mfumo wa TMS wa trafiki unaingiza namba ya gari unaona faini zinazodaiwa, ambazo ni elfu 30 kwa kosa, sasa gari ya Uber yenye makosa kumi na mbili piga hesabu mwenyewe. Deni la maegesho angalia kwa TARURA. Bima unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, bima feki zipo.

Hatua ya 3: chesisi

Beba tochi na kitambaa. Kwenye IST za mwanzo, zile za 2002 mpaka 2007, namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, na mwanzo wake unakwambia aina ya gari. NCP60 ni ya cc 1300 inakuja na injini 2NZ, NCP61 ni 1500 yenye 1NZ, NCP65 ni foo wili. Ukikuta kadi inasema NCP61 na kwenye boneti kuna 2NZ basi injini imebadilishwa, muuzaji akarekebishe TRA kwanza. Namba zikiwa zimepinda, au pembeni kuna alama ya welding, au rangi ya kipande hicho tu ni mpya, usibishane na mtu, ondoka.

Angalia pia saiti mira, taa na vioo. Watu wa Dar tunachora namba ya gari humo kwa sababu ya vibaka, kwa iyo ukikuta namba nyingine au imekwanguliwa, uliza ilikotoka.

Hatua ya 4: kilometa

Hapa ndo napapenda. Namba ya dashibodi usiiamini, kurudisha kilometa ni kazi ya nusu saa. Tafuta stika za Kijapani, ziko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, walikuwa wanabandika wakimwaga oili. Mwaka wanaandika kwa kuhesabu enzi za mfalme wao: ukiona H jumlisha 1988, ukiona R jumlisha 2018. Nilikagua Raum dashibodi inasoma 79,000, muuzaji anaapa ilikuwa ya mama mmoja wa kanisani tu. Nikafungua boneti, stika H25, 131,400. Yani 2013, ikiwa bado Japani! Dalali akasema stika ni ya gari nyingine.

Kama cheti cha eksipoti cha Japani bado kipo omba, kilometa za ukaguzi wa kule huwa zimeandikwa.

Hatua ya 5: ajali na maji

Vuta mikanda yote mpaka mwisho. Kuna lebo ina tarehe ya kutengenezwa, mkanda wa 2011 kwenye gari ya 2004 maana yake uliwahi kubadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu. Mkanda ukiwa na mstari wa tope huko ndani, hiyo gari iliogelea kwenye mafuriko, Jangwani au kwingine. Nusa kapeti, angalia kutu kwenye reli za siti. Bolti za mabawa (bati za juu ya matairi ya mbele) zikiwa zimekwanguka rangi, zilishafunguliwa.

Hatua ya 6: injini

Waambie wasiiwashe kabla hujafika, uikute ya baridi. Ukiwasha swichi taa ya cheki injini na ya eabegi ziwake kwanza ndo zizime, isiyowaka kabisa huenda imechomolewa balbu. Chomeka skana, kwenye baadhi ya gari inakuonyesha imetembea kilometa ngapi tangu makosa yafutwe, ukikuta 4 jua wamefuta asubuhi hiyo.

Malipo: mkataba kwa wakili, hela iende kwenye akaunti ya mwenye jina la kwenye kadi, sio ya dalali wala "shemeji yake". Kadi halisi ikae mkononi mwako siku hiyohiyo, na funguo zote mbili. Cha dalali kaelewaneni pembeni, baada ya hapo.