Kupoza nyumba kwa feni ya tanuru

Shemeji yangu anaishi Minnesota. Nyumba yake haina kiyoyozi: ghorofani joto la Julai haliwalazi watoto, huku besimenti (chumba cha chini ya ardhi) iko baridi. Feni ya tanuru (mashine inayopasha nyumba joto kwa kusukuma hewa ya moto kwenye mabomba) haitengenezi ubaridi. Huzungusha hewa ili vyumba vigawane ule uliopo. Mabomba ya hewa yakipita kwenye dari lenye joto, usijisumbue, utasambaza joto.

1. Themostati (kidhibiti joto cha ukutani). Mfumo uwe OFF, FAN iwe ON.

2. Feni ikigoma. Hapa ndipo tulipokesha. Nyumba zilizojengwa na tanuru pekee, bila kiyoyozi, mara nyingi zina waya mbili ukutani: R inayoleta volti 24, na W inayoita moto. Feni huitwa na waya wa tatu, G. Bila G, swichi ya FAN haina wa kumwamuru.

Zima breka ya tanuru (swichi ya umeme wake), kisha fungua themostati. Ukikuta waya wa ziada umekunjwa ukutani, uunge kwenye G huku na kwenye bodi ya tanuru (ubao wa saketi zake) kule. Kwa desturi G ni kijani, lakini usiamini rangi. Fuata waya wenyewe mpaka mwisho, maana fundi aliyetangulia huenda alitumia wowote uliokuwa karibu.

Kabla ya kununua chochote, pima feni. Breka ikiwa bado imezimwa, unga R na G kwenye bodi kwa kipande cha waya, rudisha mlango wa tanuru (una swichi ya usalama), washa. Ikizunguka, kasoro iko kwenye waya au themostati. Zima tena, kitoe kipande hicho. R isiguse C (waya wa kurudishia umeme) kabisa, fyuzi itaungua. Bodi isipokuwa na G, mwite fundi afunge relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme).

3. Filta. Mimi naweka MERV 8 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi). Zile za MERV ya juu zinaweza kukaba feni za zamani. Mshale uelekee kwenye tanuru.

4. Usiku. Nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha, feni iendelee. Asubuhi funga kila kitu na pazia.

Tafadhali, usitoboe bomba la kuvuta hewa ndani ya besimenti karibu na tanuru au hita ya maji ya gesi. Mvuto huo unaweza kurudisha moshi ndani, na kaboni monoksidi huua watu wakiwa wamelala. Weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Mwenye kiyoyozi aache FAN kwenye AUTO kikiwa kinafanya kazi: feni isiyopumzika hurudisha unyevu vyumbani.